Kihenge cha Mkamwini

Siku mdadisi wa takwimu za serikali alipokuja kupima kihenge, Enelesi alikuwa na mtoto wa wiki tano mgongoni na furaha ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta kazi zote zimeshafanywa. Mwezi mzima wa Aprili alikuwa hospitali ya misheni, kwenye banda la wajawazito wanaosubiri siku zao, kwa sababu mtoto alikaa vibaya tumboni. Mumewe Samisoni alivuna peke yake. Enelesi aliporudi na Yankho amefungwa kwenye kitenge kipya, alikuta kihenge kimejaa hata mahindi yanachungulia chini ya paa la nyasi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mvua zilikatika Februari, kijiji kizima cha Kamphinda kililia, na kihenge chao kimejaa.

Mdadisi alikuwa binti mrefu mwenye kofia ya jua, kishikwambi chake kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Jina lake Tamandani. Nyumba kumi na sita ziliangukiwa na kura pande hizi, alisema, na hizo kumi na sita ndizo zitakazosema kwa niaba ya mamia ya nyumba nyingine. Akatandikiwa mkeka, akaletewa maji, akaanza kuuliza.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Mjomba Layisoni, kaka wa marehemu mama yake Enelesi, alikuwa amekalia kiti pekee chenye mgongo. Alivuka kijito asubuhi ile makusudi, aliposikia kuna mgeni wa serikali. Alicheka.

"Mkuu gani, dada? Huyu hapa ni mkamwini, amefuata mke. Alikuja na begi moja na baiskeli isiyo na breki. Ardhi ni ya mpwa wangu, nyumba ni ya mpwa wangu, watoto ni wa ukoo wetu. Yeye ni mgeni wetu wa miaka minane."

"Na jembe je, mjomba?" Samisoni aliuliza kwa adabu, akitabasamu.

"Jembe ni lako. Hilo sikunyang'anyi."

Waliokuwapo wakacheka. Tamandani naye alicheka kidogo, kidole kimesimama hewani juu ya kioo. "Hapa kuna nafasi ya jina moja tu," alisema.

"Basi mwandike yeye," mjomba alisema. "Ndiye aliyejaza kihenge."

Wakaenda kukipima. Tamandani alizungusha utepe, akasimamisha ufito wake wenye alama ubavuni mwa kihenge, akasoma urefu. Samisoni alipanda ngazi, akainua paa, akashusha mahindi matatu. Yalikuwa mazuri, yamejaa punje mpaka nchani. Mjomba aliyapokea yeye, akayageuzageuza mkononi kama mtu anayenunua.

"Kwa kukadiria, magunia mangapi ya kilo hamsini?" Tamandani aliuliza.

Samisoni alitazama vidole vya miguu yake.

"Kumi na nane," mjomba alisema. "Tazama anavyojifanya mnyenyekevu. Sema, mkwe, usione haya."

"Kumi na nane," Samisoni alisema.

Kidole kikagusa kioo. Ilikuwa Juni, upepo wa mlima wa Dedza unakata masikio, lakini Enelesi aliona jasho likimtiririka mumewe shingoni. Alidhani ni fahari.

*

Mwezi wa Septemba mkono wa Enelesi ulifika kwenye jambo lenyewe.

Kila Jumamosi alikuwa akipanda ngazi na kikapu kuchukua ya wiki. Jumamosi hiyo aliinama ndani mpaka bega likaingia, na vidole vikagusa kitu kisichokuwa hindi. Akavuta. Likatoka bua. Akavuta tena, yakatoka magunzi matupu na majani makavu yaliyokanyagiwa chini. Alifukua kulia, akafukua kushoto. Mahindi yalikuwa tabaka tu, kama blanketi lililotandikwa juu ya kitanda kisicho na godoro.

Samisoni alikuwa ameketi kivulini akiziba tairi la baiskeli. Enelesi alimwendea na mabua kifuani, akayaweka mbele yake.

"Baba Falesi, hii ni nini?"

Hakuinua kichwa. "Mabua."

"Naona ni mabua. Nauliza yanafanya nini chini ya chakula cha wanangu."

"Yanajaza."

Falesi, binti yao wa miaka sita, alikuwa akicheza karibu. Enelesi alimtuma kisimani, akangoja mpaka akapotea nyuma ya nyumba.

"Magunia mangapi, ya kweli?"

"Sita. Sita na debe moja."

"Ulimwambia yule binti kumi na nane."

"Mjomba wako ndiye aliyemwambia. Mimi niliitikia."

"Mvua ilikatika kwa watu wote, baba Falesi. Nani angekulaumu?"

Samisoni aliweka tairi chini. "Kwa mume wa Lefina mvua haikukatika?"

Lefina alikuwa dada yake. Miaka mitatu nyuma, kihenge cha mumewe kilionyesha sakafu kabla ya Krismasi, na mjomba Layisoni alikunja mkeka wa yule bwana kwa mikono yake mwenyewe, akaukabidhi kwa ndugu zake mbele ya watu. Mwanamume aliyekuja kuoa akashindwa kulisha, alisema, amekuja kutembea tu.

"Ulikuwa hospitali," Samisoni alisema. "Kila jioni nikitoka shambani, mjomba wako anapita. Anasimama pale. Anatazama kihenge kama mtu anayetazama saa. Hasemi kitu, anatazama, anakwenda. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya kumi nikaanza kubeba mabua."

"Na ulifikiri mimi ningekula mabua?"

"Nilifikiri nitanunua. Nifanye vibarua kwenye mashamba ya tumbaku, nijaze kidogo kidogo kabla hujafika chini. Sikujua kwamba mwaka huu kijiji kizima kitakimbilia vibarua hivyo hivyo. Siku nzima unapalilia, unapewa hela ya sabuni. Na mahindi sokoni ndiyo hayo, gunia kwacha elfu hamsini."

Alisema bila kujitetea, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Enelesi alitaka kumpigia kelele. Badala yake alikumbuka siku ya uchungu wa Falesi, kilomita kumi na tisa hadi misheni, yeye amekaa nyuma ya baiskeli ile ile na Samisoni akiisukuma kila mlima huku akimwimbia nyimbo za kijinga ili asisikie maumivu. Hata muuguzi alimsifu. Alimwambia wanawake wengine huletwa na mama zao.

Sauti ya mtu ilisikika njiani. Wote wawili waligeuka upesi. Alikuwa mpita njia tu, mwenye mzigo wa kuni.

Enelesi alikusanya mabua yale. Alipanda ngazi, akayarudisha mahali pake, akayafukia kwa mahindi na kuyasawazisha vizuri juu. Uongo ulikuwa wa mumewe mpaka asubuhi ile. Aliposhuka ulikuwa wao wote wawili.

*

Wa kwanza kuja kuomba alikuwa Jelita, jirani yake, mama wa watoto wanne. Alikuja Oktoba, jua likiwa kali, na sahani ya bati ameificha ndani ya kitenge.

"Nisaidie sahani moja, mwenzangu. Nikipata kibarua nitarudisha."

Enelesi aliingia ndani. Alikuwa na unga wa siku tatu, akikoroga uji badala ya kusonga nsima. Alipima nusu sahani, akaufumba mkono juu yake wakati anatoka, kana kwamba mkono ungeufanya unga uonekane mwingi.

Jelita aliutazama unga. Kisha akakitazama kihenge, taratibu, kuanzia miguuni mpaka paani.

"Ahsante," alisema. "Mungu akuongezee. Naona bado ana nafasi ya kuongeza."

"Jelita, si hivyo."

"Nimesema ahsante, mama Falesi. Kuna kosa?"

Maneno yalimtangulia mashineni. Siku aliyopeleka mahindi kusaga, kikapu kimejaa robo, mwanamke mmoja kwenye foleni alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Mpisheni mwenye mali. Anasaga kidogo kidogo kihenge kisije kikaona uchungu."

Wakacheka. Enelesi naye alicheka, maana hakujua uso wake aufanye nini kingine.

Jumatatu mfumu, mkuu wa kijiji, aliita watu. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nyembamba, na siku hiyo ilikuwa nyembamba zaidi. Alikuwa ametoka bomani.

"Niliuliza chakula cha msaada," alisema. "Nikaonyeshwa karatasi. Karatasi zinasema pande zetu hatukuvuna vibaya. Wenzetu wa ng'ambo ya barabara kuu wataanza kupewa mwezi ujao. Sisi hatumo."

"Nani alisema tumevuna?" mzee mmoja aliuliza.

"Nyumba zilizopimwa."

"Mimi nilipimwa," Jelita alisema. "Nilisema magunia manne. Yalikuwa manne. Kama kuna mwenye mashine ya kuyazidisha aniazime."

Watu walicheka kicheko kifupi, wakaanza kutazamana. Mfumu aliinua mkono. Yule binti wa kupima anarudi Alhamisi, alisema, kuhakikisha baadhi ya nyumba, kwa kuwa huko kwao hesabu hazikai sawa. Ijumaa saa sita wanafunga kazi. Kitakachokuwa kimeandikwa saa hiyo ndicho kitakachosomwa mezani.

Enelesi alirudi nyumbani na Samisoni. Yankho alikuwa akinyonya kitambaa cha mbeleko. Maziwa yalikuwa yamepungua tangu wiki iliyopita, na mtoto alikwishajua kudanganywa na kitambaa.

"Niseme?" Enelesi aliuliza walipofika kwenye mwanya wa ua.

"Ukisema, siku hiyo hiyo nakunja mkeka."

"Nisiposema, watoto wa Jelita watakula nini mpaka Machi? Wetu je, watakula nini?"

"Najua."

"Basi niambie unataka nifanye nini."

Samisoni alishika mpini wa baiskeli kwa mikono miwili. "Mimi nataka usiseme," alisema. "Hiyo ndiyo kweli. Lakini sitakuzuia."

*

Alhamisi Tamandani alikuja na vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hajakaa, mjomba Layisoni naye alikuwa amefika, amevaa koti, na kiti chenye mgongo kikamwita chenyewe.

"Umeturudia, dada," alisema. "Umependa maji yetu?"

"Nimeyapenda, babu. Ila leo nina maswali yale yale."

"Na majibu ni yale yale. Sisi si watu wa kubadilika kama hali ya hewa."

Tamandani alifungua kishikwambi. Enelesi aliona kwamba kucha zake zilikuwa zimeliwa. Akamwuliza Samisoni eneo la shamba, mbegu, mbolea. Samisoni alijibu vizuri, sauti imetulia. Kisha swali likafika.

"Magunia mangapi?"

Mjomba aliegemea. Nje, mtoto wa mwisho wa Jelita alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua, kidole mdomoni, akitazama chungu kilichokuwa mekoni. Amezoea kuja saa hiyo. Haombi. Anasimama tu.

"Kumi na nane," Samisoni alisema.

"Sita," Enelesi alisema.

Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Tamandani alimwomba arudie.

"Andika sita, dada. Sita na debe. Lile la kwanza lifute."

"Mpwa wangu, umeugua?" mjomba aliuliza. "Kihenge nilikiona kwa macho yangu."

Enelesi alimvua Yankho mgongoni, akamweka mapajani mwa Samisoni. Akatoka, akapanda ngazi. Mahindi yaliyobaki juu hayakujaza beseni. Akaingiza mikono miwili, akavuta, akaanza kutupa chini mabua, magunzi, majani, na vumbi lililomfanya akohoe. Rundo likakua miguuni pa mjomba, likagusa viatu vyake. Alipofika sakafuni alisimama, amening'inia nusu ndani nusu nje, akaona fito za chini na mchanga ukionekana kati yake.

Aliposhuka, Tamandani alikuwa ameweka ufito wake chini.

"Kosa ni langu, mama," alisema. "Tulifundishwa kuuliza mtu akiwa peke yake. Nilikuja nikawauliza mbele ya wakwe, nikapima nje bila kuchomeka ufito ndani. Nilikuwa na nyumba nne za kumaliza siku ile, na siku zilikuwa fupi."

"Utawaambia kwamba ni sisi tuliowaponza watu?"

"Ya nyumba ni siri ya nyumba. Mimi napeleka namba." Aligusa kioo mara kadhaa. "Lakini nyumba moja haitoshi kuinua hesabu ya kumi na sita kiasi hiki. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Na muda wangu ni mpaka kesho saa sita."

Mjomba hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimtazama Samisoni.

"Miezi yote hii," alisema, "nilikuwa nakusifu. Kanisani nilikusifu. Kesho nitatuma mtu kwa ndugu zako waje wakuchukue."

Samisoni alisimama. Alimrudisha Yankho kwa mama yake kwa uangalifu, akimkingia shingo kama alivyofundishwa hospitali.

"Msihangaike kutuma mtu, mjomba," alisema. "Njia naijua."

Aliingia ndani, akatoka na begi lake moja. Baiskeli aliiacha. Jembe aliliacha limeegemea ukuta. Falesi alimfuata mpaka barabarani akiuliza anakwenda wapi, na sauti yake ikaendelea kuuliza hata baada ya baba yake kuacha kujibu.

*

Ijumaa asubuhi Enelesi alivuka kijito kwenda kwa mjomba. Hakuwa na hotuba. Alitaka kumwomba tu asitume mtu, maana aliyeondoka mwenyewe anaweza kurudi mwenyewe, lakini aliyekabidhiwa kwa ndugu zake amekwisha. Alijua mjomba atamwacha asimame uani muda mrefu kwanza. Alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Mjomba Layisoni aliishi kijijini kwa mkewe. Aliishi huko tangu ujana wake, kiasi kwamba Enelesi hakuwahi kulifikiria hilo. Mkaza mjomba, mama Esinati, alikuwa ameketi kwenye kizingiti akipepeta. Alipomwona mgeni aliusogeza ungo nyuma yake, lakini Enelesi alikuwa ameona. Zilikuwa pumba. Pumba tupu, zile wanazopewa nguruwe, zikipepetwa kwa makini kama unga mweupe.

"Kwa ajili ya kuku," mama Esinati alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakukuwa na kuku. Hakukuwa hata na manyoya.

Enelesi aliketi, wakaulizana hali. Mjomba alikuwa nyuma, anakuja. Uani palisimama kihenge chake, kikubwa kuliko vyote vya pande zile, mahindi yanaonekana katikati ya mianya ya juu. Paa lilikuwa limefungwa kwa waya. Ngazi haikuwapo. Kati ya ukingo wa paa na kihenge buibui alikuwa ametanda utando mpana, wa siku nyingi, usiokatika popote. Mbuzi alijikuna kwenye mguu wa kihenge, nacho kikatikisika, kikatoa sauti.

Enelesi aliijua sauti ile. Jana ilikuwa ikimtoka mikononi.

Alipoinua macho, mjomba alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, bila koti. Alikuwa ameona anachokitazama. Pasipo koti alionekana mwembamba, mifupa ya shingo imejitokeza kama ya mtu aliyetoka wodini.

Mama Esinati alichukua ungo, akaingia ndani.

"Umekuja kusema nini?" mjomba aliuliza.

"Nimekuja kuomba, mjomba."

"Omba basi."

Yankho alikuwa ameanza kulia. Enelesi alimzungusha mbele, akampa ziwa, na mtoto akavuta, akaachia, akavuta. Mjomba aliangalia kando kwa heshima. Alikaa chini, juu ya kinu kilicholazwa, si kwenye kiti.

"Miaka thelathini na moja nipo hapa," alisema. "Kaka wawili wa mke wangu wamekufa, amebaki mmoja, naye haoni vizuri. Lakini akipita njia hii hunitafutia kwanza kihenge, akakipapasa, ndipo aniulize nimeamkaje." Alisugua magoti. "Nilizaa na dada yake watoto saba. Nimezika wawili. Bado anapapasa."

Enelesi alihisi kwamba akijibu mzee atavaa koti lake tena.

"Yule binti alikuja kwangu Juni, siku moja na kwenu. Nilimwambia ishirini na mbili."

"Yalikuwa mangapi, mjomba?"

"Unataka kunipima na wewe?" Lakini hakukasirika. Alitazama ule utando wa buibui. "Matano. Na nani anajua jirani yangu pale alisema mangapi. Naye amefuata mke. Sote hapa tumefuata wake."

Ndani, mama Esinati alianza kutwanga. Ilikuwa midundo myepesi ya mchi uliokosa kitu cha kutwanga.

"Bado yupo, huyo wa vipimo?"

"Amelala kwa mfumu. Anaondoka saa sita."

"Mpitie." Mjomba aliinuka kwa kushika kinu. "Mwambie aje kwangu. Aje peke yake, asiandamane na mtu. Na aje na ufito wake, lakini safari hii auchomeke ndani. Kisha aende kwa jirani."

"Nitamwambia."

"Usimwambie nilivyokuwa nimekaa."

"Sitamwambia, mjomba."

Enelesi alimfunga mtoto mgongoni. Alikuwa amefika kwenye njia mjomba alipomwita tena, bila kupaza sauti.

"Jembe la huyo mume wako liko wapi?"

"Liko nyumbani. Ukutani."

"Mwanamume atalimia nini huko aliko? Mawingu yale pale." Alikohoa. "Mpelekee. Mtu hafuatwi mikono mitupu."

Alimkuta Tamandani akifunga begi, akampa ujumbe, na hakungoja kuona uso wake ukibadilika. Hakujua kama namba zitafika mezani kabla ya saa sita. Hakujua kama watu wa mezani wangesoma. Alimwacha Falesi kwa Jelita, ambaye alimpokea mtoto bila kuuliza na bila kucheka, akamwambia tu kwamba uji upo mwepesi, lakini upo.

Kwa mama yake Samisoni ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Enelesi aliliinua jembe kutoka ukutani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Mpini ulikuwa umelainika sehemu mbili, pale mikono ya mumewe ilipozoea kushika kwa miaka minane, naye akashika papo hapo, akaliweka begani, akashika njia.